Zamu ya Kumi na Moja

Květoslava hupanga vigae mezani
kama apangaye sahani za wageni asiowapenda:
jua la njano hapa, wingu la vumbi pale,
na katikati tundu jeusi,
ambalo kusema kweli ni kifuniko cha chupa ya matango ya siki.
Kigae chenyewe kilipotea mwaka juzi, nyuma ya jiko.

Nje ni Ostrava, ni Jumanne, theluji imekwisha kuota masizi.
Zbyněk kaja na soksi mbichi na mpango.
Zbyněk hakosi mpango.

Zamu ya tatu alikuwa na sayari saba.
Nikamfuata mbio. Nani hapendi kuona rangi yake ikitanda?
Nyekundu yake, kijani yangu,
zikaenea mezani mithili ya chai iliyomwagika.
Květoslava alikuwa na sayari mbili
na kimwezi kimoja kisicho na maji.
"Umelala?" Zbyněk akamuuliza.
"Nahesabu."

Miaka ishirini na tisa aliendesha winchi ya mgodi,
mkono kwenye wenzo, sikio kwenye kengele,
akishusha watu kizani na kuwapandisha.
Hajapata kumshusha mtu, husema,
kabla ya kujua atampandishaje.

Basi somo lote ni hilo. Mengine ni matawi:
kwamba sayari ni mdomo kabla haijawa mkono;
kwamba manowari isiyo na bohari nyuma yake
ni jeneza lenye taa nzuri;
kwamba elimu inunuliwe siku za njaa,
maana siku za shibe utanunua mizinga.
Haya nayasema mimi.
Yeye alisema tu, "Nipitishieni mkate."

Zamu ya saba, gharama zikaanza kututafuna.
Makoloni yangu ya pembeni
(niliyapa majina, ujinga wangu,
moja nililiita Bary, jina la mbwa wetu aliyekufa)
yalidai nafaka, nikatoa.
Yakadai askari, nikatoa.
Yakadai tena, nikafungua kiganja:
vumbi la mkate.
Zbyněk naye akaunda lile dude lake,
manowari kubwa kuliko zote sandukuni.
Ikakaa ukingoni mwa milki yake bila tone la mafuta.
Akaipuliza vumbi.
Akaipuliza tena.

Zamu ya tisa, Květoslava akatuchekesha:
alimpa Zbyněk kile kimwezi.
Bure. Na ukame wake.
Zbyněk akakipokea, akakiwekea ulinzi,
kwani cha bure nacho kina wivu wake,
na walinzi akawatoa kwenye ile njia nyembamba
baina ya nyota mbili, mlango wake wa pekee.
Niliona. Nikanyamaza.
Ningekuwa mtu mwema ningemkanyaga mguu chini ya meza.

Zamu ya kumi na moja hapakulia mzinga.
Meli tatu za mizigo zikapita mlangoni, taratibu,
tumbo tele.
Kitabu cha kanuni, ukurasa wa kumi na nne,
ambao kati yetu aliusoma yeye peke yake:
koloni lililolala njaa zamu mbili
humfuata anayelilisha.
Nyekundu ikageuka buluu. Kijani ikageuka buluu.
Bary lilikuwa la pili kwenda,
na sijui kwa nini hilo liliniuma kuliko kushindwa.

"Ningekuwa na manowari mbili," Zbyněk akasema,
akivaa viatu.

Květoslava hakumjibu. Alikuwa akirudisha vipande sandukuni,
kimoja kimoja, midomo ikicheza:
meli, makoloni, majua, kimwezi,
lile dude lililokufa kiu.
Akasita. Akatazama chini ya meza, nyuma ya jiko,
pale pale anapotazama kila Jumanne.
Kisha akachukua kifuniko cha matango,
akakifuta kwa upindo wa sweta,
akakilaza juu ya wenzake.
"Mia na nne walishuka," akasema.
"Mia na nne wamepanda."
Ndipo akafunga sanduku.